Bunduki ya Kabatini

Wenzangu wa kalamu, katika riwaya ninayoiandika kuna jamaa lazima ashike bunduki, na kumbe nchi ninayomweka ndiyo inayoamua atakuwa mtu wa namna gani. Nikimpeleka Uswisi, anaweza kuwa mwoka mikate tu, bunduki ya jeshi iko kabatini kwake; mwaka 2011 wananchi walipiga kura wakakataa kuzirudisha kwenye maghala ya jeshi. Marekani, ukimgusa atakufungulia katiba: imeandikwa humo tangu 1791. Uingereza bastola asahau. Watoto 16 na mwalimu wao waliuawa shuleni Dunblane, Uskochi, mwaka 1996, na mwaka uliofuata raia wakapigwa marufuku kuwa nazo. Australia nao, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka huohuo wa 1996, serikali ilinunua silaha zaidi ya 600,000 ikaziharibu. Hao ndio nawakubali, bwana.

Ila baba yangu ni mlinzi wa usiku, ana rungu na tochi basi. Juzi mama kamwambia aombe bunduki kwa tajiri wake. Mzee akacheka. “Mama Rehema, wakijua ninayo, si watanianza mimi?” Mama hakujibu, akaendelea kumjazia chai kwenye chupa.