Gari la Kuunda au la Kununua

Ikiwa umepata kuona vijana wakishindana kwa baiskeli katika njia iliyonyoka, kutoka mwembe huu mpaka mwembe ule, basi umekwisha kuona asili ya mchezo ninaotaka kukueleza. Huko Marekani mchezo huo huchezwa kwa magari. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, nayo hukimbizana umbali wa meta 402, yaani robo ya maili. Hakuna kona wala kilima. Wally Parks aliasisi chama kikuu cha mchezo huo mwaka 1951, ili vijana watoke katika barabara za watu na kuingia katika viwanja vyenye sheria.

Mapenzi ya mchezo huo yalinishika mwaka 2014, nilipokuwa nikiishi Ohio na kufanya kazi ya usiku katika ghala. Kwa miaka mitatu nilijinyima hata nikaweka akiba ya dola 9,000. Katika hizo, 2,000 zilikuwa za kuezeka nyumba ya mama yangu kule Voi, na sikuzigusa. Ingawa, nisikufiche, usiku mmoja nilizihesabu pamoja na nyingine.

Mtu mmoja alikuwa akiuza gari lililokamilika kwa dola 6,500. Mimi nilitaka kuunda langu. Nikachukua karatasi, nikaandika bei ya bodi kuukuu, injini, gia, difu, magurudumu, kiti na mikanda. Hesabu ikapita 11,000 kabla sijafikia rangi. Usistaajabu. Auzaye gari la mbio hulipwa sehemu tu ya gharama zake, na kazi ya mikono yake hailipwi kabisa. Kwa fedha, kununua ni rahisi kuliko kuunda.

Hata hivyo nilikuwa na hoja. Katika mashindano ya watu wa mfuko mdogo, kila dereva hutaja mapema muda ambao gari lake litatumia. Lililo zito huondoka kwanza, kwa kadiri ya tofauti ya nyakati hizo. Na dereva akienda kasi kuliko alivyotaja, aghalabu huhesabiwa ameshindwa. Basi ushindi si wa gari lenye mbio bali wa gari linalojulikana tabia yake. Na nani alijuaye gari kuliko aliyeliunda?

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma vya madaraja, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa vipande viwili vya bomba, akaniambia niviunge. Nilikuwa nimejifunza kazi hiyo kwa Jumamosi mbili. Mshono ukatoka mzuri, nikaona fahari. Mzee akachukua msumeno wa chuma, akaukata katikati. Ndani vyuma havikuwa vimeshikana. Mshono wangu ulikuwa umelala juu yake kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.

Nikamtaja Don Garlits awe shahidi wangu. Bingwa huyo alikuwa akiunda magari yake mwenyewe. Mwaka 1970 gia za gari lake zilipasuka zikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Naye akaunda jingine lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo Pomona mwaka 1971. Mzee akanijibu, "Mwanangu, yeye alikuwa na miaka mingi katika kazi hiyo. Wewe una Jumamosi mbili."

Nikaenda kununua. Lakini nilipomwomba mwenye gari anikubalie kukwangua rangi kidogo, nione viungo vya mabomba yanayomkinga dereva, alikataa. Alisema rangi ni mpya. Nilirudi nyumbani nimesitasita, maana bei ilikuwa nzuri mno. Mke wangu akaniuliza neno moja tu: "Baba Salim, chuma kitakachozunguka kichwa chako kimeungwa na nani?" Sikuwa na jibu. Kwa gari lile sikuwa nalo, na kwa lile la karatasi yangu jibu lilikuwa baya zaidi.

Baada ya miezi minne nilipata gari lisilo na injini. Viungo vyake vilikuwa vimekaguliwa, na mwenyewe alinipa kisu cha kukwangulia kabla sijaomba. Injini niliiunda mwenyewe majira yote ya baridi, katika banda la Mzee, nikikosea na kurudia. Fundi mbaya wa injini husimama njiani akachekwa. Fundi mbaya wa mabomba hazikwi peke yake.

Siku ya kwanza nilitaja sekunde 11.20, nikatumia 11.63, nikashindwa na mama mmoja mwenye gari kuukuu la rangi ya maziwa. Mke wangu aliniuliza nilikuwa nikiwaza nini njia nzima. Nilimwambia kweli: nilikuwa nikiisikiliza injini.