Maji ya kusafishia picha hapa Nkoma: yawe safi kiasi gani?

Leo tuiweke pamba pembeni kidogo. Tangu watu wajue kwamba bwana shamba wao husafisha filamu zake mwenyewe usiku chumbani, maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yanaishia kwenye maji. Kijana mmoja mwenye duka hapa senta amepata kamera ya zamani pamoja na tangi la kusafishia filamu. Anataka kupiga picha nyeusi na nyeupe kwenye harusi, na ameniuliza kama ni lazima anunue katoni za maji ya chupa.

Si lazima. Katika kazi yote hii, maji safi hasa yanahitajika sehemu mbili tu: kuchanganyia dawa ya kwanza, ile inayotoa picha, na suuza ya mwisho kabla ya kuanika filamu. Hatua za katikati zinataka maji yasiyo na tope, basi.

Maji ya visima vyetu vingi mnayajua. Sabuni haitoi povu, birika linashika magamba meupe, na mengine yana chumvi unayoionja ulimini. Kuyapima ni rahisi. Dondosha tone moja juu ya kioo kisafi, uache likauke lenyewe. Likiacha duara jeupe, ujue hicho ndicho kitakachobaki juu ya filamu yako. Fanya hivyo kwa maji ya kisima, ya mvua na ya chupa, uyalinganishe. Ya chupa nayo mara nyingi huacha alama, kwa sababu maji ya kunywa yana madini yake.

Mwaka jana mama mmoja alinijia na bahasha ya negativu za marehemu mumewe. Hakuwa na picha nyingine yoyote, na watoto wawili wa mwisho hawaikumbuki sura ya baba yao. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya filamu. Kimoja kilikuwa na vidoadoa vyeupe: mumewe amesimama kando ya mizani ya pamba, na uso umejaa madoa kama mtu mwenye tetekuwanga. Kipande cha pili kilikuwa cha harusi yao. Hicho kilikuwa na mabaka ya kahawia, na picha yenyewe ilikuwa imefifia.

Vile vidoadoa ni madini ya maji yaliyokaukia pale. Nilijaribu kwanza pembeni, mahali pasipo na picha, kwa sababu filamu ya zamani inaweza kulainika na kubanduka. Kisha nikaloweka kipande chote katika maji ya mvua yenye siki kidogo, nikabadilisha maji mara kadhaa bila kukigusa kwa kidole. Madoa yakatoka. Kipande cha harusi ni habari nyingine. Mabaka ya namna ile hutokea pale dawa ya kukazia picha isipooshwa yote ikatoka. Inabaki humo na kuila picha polepole, miaka na miaka. Hakuna maji ya kuirudisha. Nilimwambia hivyo. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya bwana shamba, basi wamwone hata akiwa kwenye mizani."

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, kuosha ndiyo hatua ya kuogopa kuliko zote, na hapo maji ya kisima yanafaa kabisa. Tena yakiwa na chumvi si hasara: imejulikana kwa miaka mingi kwamba maji ya bahari huondoa dawa ya kukazia haraka kuliko maji yasiyo na chumvi. Sharti moja tu, ile chumvi nayo ioshwe mwishoni.

Wala haihitaji bomba linalotiririka. Kiwanda cha Ilford cha Uingereza kilieneza njia inayotufaa sisi wa kuhesabu ndoo. Jaza tangi, ligeuze juu chini mara 5, mwaga. Jaza tena, geuza mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, geuza mara 20, mwaga. Tangi la filamu moja huchukua kama mililita 300, kwa hiyo hata lita moja haiishi. Maji yote yalale pamoja chumba kimoja yawe na joto moja. Dawa nyingi hutaka nyuzi 20 hivi, na kwa joto letu chombo kizuri cha kupooza ni mtungi wa udongo.

Maji ya kuchanganyia dawa ya kwanza, yachemshe, yapoe yamefunikwa, umimine taratibu uache machicha chini. Kuchemsha hupunguza ugumu na hutoa hewa inayoharibu dawa. Chumvi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua ndiyo inazidi.

Suuza ya mwisho, tumia maji ya mvua. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na mavi ya ndege juu ya bati, ndipo ukinge. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, uhifadhi kwenye dumu lenye kifuniko. Dumu la lita 5 linatosha filamu 15 na zaidi.

Kiangazi, mvua ikiisha, nunua maji ya betri kule Bariadi, yale yale ya kuongezea kwenye betri za sola. Hapa tuwe makini sana: wengine dukani huita "maji ya betri" hata tindikali, na kwa macho huvitofautishi. Soma lebo, usinunue kilichopimiwa kwenye chupa ya soda, na usimimine dawa yoyote ya picha kwenye chupa ya soda.

Dawa ya kukazia iliyotumika ina madini ya fedha. Usiimwage karibu na kisima, lambo wala bustani ya mboga. Yangu iko kwenye dumu la bluu juu ya kabati, nimeliandika SUMU kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.