Hewa Bora na mlango wa Bangboka

Wakaaji wa Kisangani hawakupanda ndege za Hewa Bora kwa matembezi. Kwa mto, Kinshasa iko mbali karibu kilomita 1,700, na ndani ya baleniere safari inaweza kula majuma. Kampuni hiyo ilizaliwa miaka ya 1990, wakati Air Zaïre ilipokuwa inakufa, ikakua hadi ndege yake kufika Brussels. Mwaka wa 2006, Umoja wa Ulaya ulipofungia kampuni za Kongo, Hewa Bora iliachiwa ndege moja. Wasafiri wengi waliona hiyo ni alama ya kuaminika.

Tarehe 15 mwezi wa nne 2008, DC-9 yake iliyokuwa inakuja Kisangani ilishindwa kupaa Goma, ikaingia mtaa wa Birere. Wengi waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa mtaa, kwenye shughuli zao. Lava ya Nyiragongo ilikuwa imefunika sehemu ya njia ya ndege mwaka wa 2002, na miaka sita baadaye njia ilikuwa bado fupi.

Tarehe 8 mwezi wa saba 2011, msiba ulifika Bangboka. Boeing 727 kutoka Kinshasa ilikuwa inashuka katika mvua kali, ikaanguka karibu na kiwanja. Kati ya watu 118, zaidi ya 70 walikufa. Serikali ilisimamisha kampuni. Mwaka uliofuata mabaki yake yakaitwa FlyCongo, kisha yakaunganishwa na CAA.

Huko Uingereza, Monarch, kampuni iliyopeleka watu likizo kwa bei nafuu, ilifilisika mwezi wa kumi 2017. Serikali ilikodi ndege, ikarudisha nyumbani abiria karibu 110,000. Wengine walipoteza likizo yao. Kisangani, ndege ikikosekana, mgonjwa hukosa daktari, mchuuzi hukosa soko, na mzazi hukawia kufika kwa watoto wake.

Familia zilizohama zinajua jambo hili. Kiwanja cha Goma kilifungwa mwezi wa kwanza 2025, na jamaa wakabaki pande mbili. Siku njia itakapofunguliwa, kampuni zitakuja na majina mapya na rangi mpya. Kabla ya kutoa pesa ya tiketi, msafiri ana haki ya kuuliza: nani amekagua ndege hii, na mvua ikishika Bangboka, rubani ataruhusiwa kugeuza?