Hewa Ndani ya Maji

Hewa ni uhai wa viumbe, walakini kitu kilicho uhai mahali pamoja huweza kuwa ugonjwa mahali pengine. Katika mipira ya maji ya kupozea kompyuta, hewa ni mgeni asiyetakiwa, na kumtoa kwataka subira kuliko nguvu.

Sababu ya kutia maji karibu na umeme, jambo ambalo wazee wangelikataza, ni joto. Prosesa ni kitu cha kukaa kiganjani, lakini katika kazi nzito hutoa joto la wati 100, pengine 200 na zaidi. Maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa, na kwa ujazo ulio sawa huchukua joto maelfu ya mara kuliko hewa. Basi maji hupita ndani ya kipande cha shaba kilichokaa juu ya prosesa, yakaenda kwenye rejeta kupigwa na feni, kisha tangi dogo na pampu huyarudisha yalikotoka.

Mtu aliyetumia akiba yake kuunda mashine ya namna hiyo huitia maji kwa furaha, akadhani kazi imekwisha. Ndipo asikiapo mgugumio, kama wa mtungi unaojazwa kisimani. Hewa imejificha katika kona za mipira na kichwani mwa rejeta. Ikikaa ndani ya pampu, hasara huwa mbili: gurudumu lake huzunguka bila kusukuma, na vyuma vyake, ambavyo maji ndiyo mafuta yao, husagika vikavu. Prosesa nayo hupata moto, ikapunguza mwendo ili ijiokoe, hata ikajizima. Mafundi wa magari wanaujua ugonjwa huu katika breki, nao huuita upepo.

Dawa yake ni hii. Tangi huwekwa juu ya pampu, maji yashuke kwa uzito wake. Umeme hupewa pampu peke yake. Pampu huwashwa kidogo, huzimwa kabla ya tangi kukauka, na maji huongezwa. Hivyo tena na tena. Kisha sanduku zima huinamishwa mbele, nyuma na ubavuni, kama asuuzavyo mtu kibuyu. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Mwendo mkali hufukuza kiputo konani, lakini pia hukivunja kuwa vumbi la viputo na kukizungusha upya. Mwendo wa polepole hukipa nafasi ya kupanda juu ya tangi na kutoka penye kifuniko kilicholegezwa. Mwenye busara hubadilisha miendo hiyo, akatandika karatasi kavu chini ya maungio, akaiacha pampu usiku kucha. Asubuhi maji yamepungua. Moyo humshtuka, lakini karatasi ni kavu, na maji yameshika tu mahali pa hewa iliyoondoka.

Ziko mashine zilizofungwa kiwandani, hazina kifuniko. Humo hewa haitolewi, na kwa miaka huongezeka, kwa kuwa maji hupenya kuta za mipira kidogo kidogo. Mwenyewe hana budi kuipangia makao: rejeta juu, pampu chini, hewa ikae kileleni isikodhuru. Akiisha kuigeuza hivyo, huwasha, akatega sikio.