Bursi Haikuuliza Baba Yako Ni Nani

Miaka ile matokeo ya mtihani wa Serikali yaliposomwa redioni, sauti ya mtangazaji wa Kinshasa ikija na kupotea huku mmoja wetu ameinua antena na wengine wamebana pumzi, kijana wa mtaa wetu wa Mabanga, Goma, aliyesikia jina lake na asilimia zake alimwagiwa poda kuanzia utosini hadi shingoni, akazungushwa mtaa mzima juu ya mawe meusi ya volkano akiwa mweupe pe, wamama wakipiga vigelegele na sisi watoto tukimfuata pekupeku. Poda ingali ipo. Matokeo siku hizi yanaingia kwenye simu, na swali la kwanza baada ya vigelegele ni moja tu: nani atalipa?

Swali hilo tulikuwa hatulisikii. Palikuwa na bursi. Aliyefaulu vizuri alipangiwa chuo, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, na Serikali ya Zaire (Kongo ya leo) ikampa kitanda kwenye kampasi, tiketi za kula na fedha kidogo mkononi. Vyuo vilikuwa vichache. Mwaka 1971 Rais Mobutu alivikusanya vyote kuwa kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 vikaachanishwa tena. Mtoto wa Goma aliyetaka kuwa daktari alipanda lori lililopita Rutshuru, Butembo na Mambasa, akiwa na sanduku la bati, godoro la sponji lililofungwa kamba, na kimfuko cha sambaza wakavu alichotiliwa na mama yake dakika ya mwisho.

Namkumbuka yaya mmoja wa jirani zetu, kaka mkubwa kama tunavyosema kwetu, ambaye sanduku lake hakuna aliyelitilia sambaza. Alikuwa amekosana na baba yake. Mzee alimtaka abaki kwenye duka na aoe binti wa rafiki yake. Yeye akataka kusoma. Maneno yaliyotoka siku ile tuliyasikia sisi wote, maana nyumba zetu za mbao hazikuficha kitu: ukivuka mlango huu, usirudi kuniomba hata likuta moja. Akavuka. Na kweli hakurudi kuomba, kwa sababu hakuhitaji. Bursi ilitaka diploma na asilimia. Haikuuliza baba yako ni nani, wala kama mnasalimiana.

Nikisema hivyo vijana wa leo hudhani nalilia Zaire. Silii. Pesa ile ilichelewa kwa miezi, na chumba cha wawili kililala watano. Wasichana walioipata kutoka mtaa wetu walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Tena anayekulisha hukutawala: kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha Mobutu, tangu kuzaliwa, apende asipende, na kwenye kampasi vijana wa chama walisikiliza nani anasema nini kwenye foleni ya chakula. Wanafunzi wa chuo cha Lovanium walipoandamana Juni 1971, Mobutu aliwaingiza jeshini. Mtoto aliyekimbia ukali wa baba yake alijikuta chini ya baba mwingine, mwenye kofia ya chui, ambaye naye hakupenda kujibiwa. Lakini huyu wa pili alilipa. Hilo lazima lisemwe.

Kisha akaacha kulipa. Sisi tuliokuwa sekondari wakati huo hatukuona tarehe, tuliona dalili: yaya mmoja amerudi likizo na hajaenda tena, mwingine anauza vitabu vyake, mwingine anasema mgahawa wa kampasi umefungwa. Mei 1990 wanafunzi waliuawa kwenye kampasi ya Lubumbashi. Noti zikaongezwa sifuri hadi ikatoka ya milioni tano. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikabadilishwa kwa milioni tatu za zamani, nayo ikayeyuka vilevile, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Hata kama bursi ingefika, ingenunua nini? Walimu walikuwa wamegoma kwa muda mrefu, na shule zikafunguliwa tena kwa makubaliano kwamba wazazi watachangia mshahara wao. Mpango ule wa dharura ukageuka desturi, ukapanda kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu. Mzazi akawa ndiye wizara.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipopata meno. Zamani kijana akikosana na baba yake, alipoteza baraka na sahani ya bugali. Tangu wakati huo akikosana naye anapoteza chuo.

Mimi ni wa kundi hilo la mwanzo. Mama alipoondoka nyumbani nilimfuata, na jibu la baba likaletwa na baba mkubwa kwa upole, akiwa amevua kofia: uliyemfuata ndiye akusomeshe. Niliwahi kumtafuta kwa foni, redio ya mawasiliano, alipokuwa Butembo kibiashara, kwenye kile chumba chenye betri ya gari na waya uliotandazwa juu ya mabati, ambapo watu wote waliopanga foleni husikia shida yako na mwenye chombo husema kwa niaba yako unapoishiwa sauti. Nilimwomba minervali, ada ya mwaka wa kwanza wa chuo. Upande wa pili ulikaa kimya, mtambo ukakoroma, na mwenye chombo akanionea haya akakataa malipo yangu.

Aliyenisomesha ni mama mdogo, aliyekuwa akishuka ufukweni Kituku alfajiri kungoja mitumbwi, akirudi na beseni la sambaza likivuja maji ya ziwa mgongoni, na jioni akihesabu noti zilizonuka samaki kwenye taa ya petroli, hizi za unga, hizi za likelemba, hizi zako. Bahati nyingine ilikuwa kwamba chuo kilikuwa kimekuja karibu. ULPGL ya Waprotestanti ilikuwepo tangu katikati ya miaka ya 1980, na tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani likafunguliwa Goma, ndilo lililokuja kuwa UNIGOM. Sikuhitaji lori wala kitanda cha kampasi. Nilitembea kwa miguu, nikanunua silabasi zilizochapwa kwa stensili, wino wake wa roneo ukininukia vidoleni mpaka nakula, na nyingine nikazinakili kwa mkono usiku kucha kutoka kwa mwenzangu aliyekuwa na baba.

Nakiri kwamba likelemba ya mama mdogo, mchango wa wamama wa kupokezana kwa zamu, ilinifundisha uchumi kuliko profesa. Zamu yake ya kupokea ilipangwa na wamama wenzake iangukie mwezi wa kulipia mtihani. Hawakuitisha kikao kujadili kama ninastahili. Walijua tu.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho leo nakitafuta bila kukiona: waamuzi. Ugomvi wangu na baba ulikuwa na watu wake, baba mkubwa, mchungaji, mzee wa avenue, shangazi aliyekuja na kuku bila kualikwa. Walituchosha, walichukua upande wa baba karibu kila mara, na mmoja wao aliniambia msichana mwenye vitabu vingi hukosa mume. Lakini walipita na kupita tena, na ndiyo sababu baba alikuja siku ya kumaliza kwangu, akasimama nyuma kabisa, suti ya kuazima, akaondoka kabla ya soda. Hakunilipia hata senti. Lakini alikuja.

Sasa vita, volkano ya 2002 iliyopasua mji hadi ziwani, ile ya Mei 2021 iliyotufukuza usiku, na ukimbizi wa kila upande vimetawanya hao waamuzi. Baba mkubwa wa kijana wa leo yuko Kampala. Shangazi yuko Amerika ya Kaskazini au kambini. Baba akikasirika, anamfungia mtoto kwenye WhatsApp. Basi.

Uani kwetu amepanga binti anayesoma mwaka wa pili. Ana mtoto, na mtoto huyo ndiye sababu ya yeye kufukuzwa nyumbani kwao. Baba aliyemfukuza haishi mbali. Jumapili wanaweza kukutana njiani na asimwone. Asubuhi anakaa chini ya mwavuli wake akiuza uniti za simu na kutoa M-Pesa na Airtel Money, mtoto akilala kwenye boksi nyuma yake; mchana anavaa vizuri na kupanda moto, yaani pikipiki, kwenda chuo. Silabasi zake zote ziko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hanunui wino wala hanakili. Ada anailipa kwa transhi, kidogo kidogo, na wenzake wa darasa la sita la sekondari wana kundi la kuchangiana, ni likelemba ileile imevaa nguo mpya. Nikimtazama naona wivu kidogo. Katika siku zangu msichana mwenye mimba aliisha hapo hapo. Yeye hakuisha.

Lakini siku zake ni ngumu kwa namna ambayo zangu hazikuwa. Mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na noti zikawa adimu hata zile zilizochakaa zikagombaniwa. Hata hivyo chuo kinataka bordero ya benki au ushahidi mwingine wa malipo. Mlango wa mtihani una mtu anayekagua. Mwenye mzazi huomba mzazi akope. Yeye wa kumkopesha ni wanaume wenye pesa wanaosimama kwenye mwavuli wake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hilo nalo tulijue, tusiimbe tu kwamba vijana wa leo ni wabunifu.

Kwingine wameanza kuliona tatizo hili. Uingereza mwanafunzi aliyekatana kabisa na wazazi huweza kutambuliwa hivyo, na mkopo wake ukahesabiwa bila kipato chao. Marekani nako ofisi ya chuo inaweza kumwondolea mtu sharti la kuleta habari za wazazi. Karibu nasi, Tanzania ina Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004, na Kenya ina yake tangu 1995. Hapo yatima huleta cheti cha kifo. Aliyefiwa ana karatasi. Ambaye baba yake anaishi mtaa wa pili na hamjui tena, karatasi yake itatolewa na ofisi gani? Kwetu Mabanga swali halijafika hata hapo, maana mlango wa kubisha haupo. Sheria yetu ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawataka wazazi wawalee watoto wao na ndugu wasaidiane. Lakini mtoto gani atamshitaki baba yake kwa ajili ya minervali, kisha arudi kuishi katika ukoo uleule?

Kuna michango midogo hapa mjini, ya parokia, ya makanisa, ya watu wa mbali wanaotaka kusomesha mtoto wa kwao. Nimekaa katika kamati mojawapo, nikayasoma maombi. Sehemu ya kwanza ya fomu inasema: yatima, weka alama. Aliyefukuzwa hawezi kuweka alama hapo bila kusema uongo, na nimeona wanaosema, wakiwazika wazazi walio hai. Simlaumu hata mmoja.

Basi nawaomba wenye fomu hizo jambo dogo. Ongezeni mstari mmoja chini ya ule wa yatima, kwa mtoto ambaye wazazi wake wapo lakini hawamsomeshi, na mahali pa sahihi mkubali ya mama mdogo, ya mwenye nyumba, au ya wamama wa likelemba. Wao ndio wanaolipa tangu Serikali ilipoacha.