Mzee wa Taa wa Changamwe

Mpwa wangu anaishi London. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti akiwa amekwama chini ya ardhi, treni imesimama ndani ya shimo, watu wamebanana pua kwa kwapa, na spika inarudia kwamba ishara za reli zimeharibika mbele. Alikuwa na ghadhabu. "Mjomba, kwani dereva hana macho? Si aende polepole, akiona kitu asimame?"

Nilicheka, kisha nikaudhika. Binti huyu kazaliwa Magongo. Kutoka kwa mamake hadi reli ya Changamwe ni mwendo wa kumaliza kashata moja. Waingereza wana treni za chini ya ardhi tangu 1863. Hii yetu ya juu ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mtoto wa Magongo hajui ishara ya reli hufanya kazi gani. Lakini angejulia wapi? Alipopata akili, hakukuwa na wa kumwonyesha.

Sisi tulizijua kabla ya kujua kusoma. Upande wa kuelekea Miritini palikuwa na mlingoti wa chuma, na juu yake mkono mwekundu. Mkono ukilala, treni isimame. Ukiondoka pale ulipolala, ipite. Waya ulitoka stesheni ukapita kando ya reli, juu ya vigurudumu vidogo, mpaka mlingotini. Jua la Februari likiupata ulilegea, ukivutwa mkono haufiki unapotakiwa. Mbuzi waliukanyaga. Watoto tuliuvuta tuone kama mkono utacheza, na fimbo za siku hizo zilikuwa haziulizi mtoto ni wa nani.

Jioni alikuja mzee wa taa. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwalo. Alikuwa na koti la kaki, baiskeli bila kengele, na taa za mafuta zimening'inia kwenye usukani. Alipanda ngazi ya mlingoti kwa mkono mmoja, taa mkono wa pili, akaisimamisha nyuma ya vioo viwili vya ishara, chekundu na kijani, kisha akatoa kitambaa mfukoni. Alifuta chekundu kwanza. Kila siku chekundu kwanza. Tulipomuuliza, alijibu bila kututazama: "Kijani kikishika masizi, treni itachelewa. Chekundu kikishika masizi, mtu atazikwa."

Harufu yake ilimtangulia: mafuta ya taa, utambi ulioungua, na jasho la koti lisilokauka vizuri. Mwenye duka tulikonunua mkate alikuwa hamruhusu kuushika; alimfungia mwenyewe kwenye gazeti, kwa adabu, akamwekea juu ya baiskeli. Mzee hakukasirika. Alisema mkewe naye humpa kikombe chake peke yake. Upepo ukigeuka, harufu yake ilichanganyika na ile ya kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichofunguliwa 1963 na ambacho usiku tuliuona mwali wake kutoka uani. Mpaka leo nikifungua kibuyu cha mafuta ya taa, simkumbuki mama akiwasha jiko. Namkumbuka mzee juu ya ngazi.

Yeye ndiye aliyetuonyesha jiwe la chuma lililofungwa kwenye mlingoti. Waya ukikatika, uzito ule huurudisha mkono ulale wenyewe. Waliotengeneza walijua kwamba siku moja utakatika, kwa hivyo walihakikisha ukiharibika uharibike upande wa kusimama. Treni za mpwa wangu ni vivyo hivyo, ila badala ya waya ni umeme unaopita kwenye reli: ukikatika, taa hugeuka nyekundu hata kama mbele hakuna chochote. Yule dereva ana macho. Ndani ya shimo lenye kona macho hayamfikishi mbali, na treni nzito haisimami mara breki ikishikwa.

Huku kwetu tatizo lilikuwa njia moja kwa treni za kwenda na kurudi. Dereva hakuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe kipande cha chuma ndani ya pete kubwa, nacho kilitoka kwenye mtambo uliounganishwa na stesheni ya pili. Mtambo ukifa, stesheni masta alipiga simu, akaandika ruhusa kwa mkono, akaisoma tena, akaitia sahihi. Hapo ndipo saa zilipopotea.

Treni ya abiria ya polepole, ile iliyosimama Mackinnon Road, Taru, Samburu, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, ilikuwa ikizuiwa nje ya Changamwe asubuhi na watu wana haraka: vibarua wa bandarini, wanafunzi, akina mama wa Kiduruma na Kirabai wenye muhogo, makuti na vibuyu vya mnazi. Mzee, akiwa anashusha taa za usiku, alitembea ubavuni mwa mabehewa akieleza dirisha baada ya dirisha. Waya umekatika. Au: mtambo wa mbele haujibu, yaandikwa karatasi. Alisema pia kama ni jambo la dakika au la saa, na watu walimwamini. Wenye haraka walishuka wakakata kwa miguu hadi barabara ya Magongo. Mnazi uliuzwa papo hapo kando ya reli. Nasikia wengine wakipamba zama zile kana kwamba treni zilifika kwa saa. Hazikufika. Lakini ulijua kwa nini umechelewa, na ulijulishwa na mtu mwenye uso.

Nimejaribu kuweka miaka sawa. Vitabu vinasema injini za mvuke za Garratt, zile 34 kubwa zilizopewa majina ya milima, ziliondoka reli kuu karibu na 1980. Mimi moshi wake ukipanda mlima wa Mazeras nauona mpaka nikiwa na ndevu. Basi, iwe 1980.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Dizeli, nyaya za shaba zikaibwa, mikono ikaachwa imelala mwaka mzima na treni zikapita kwa karatasi. Mzee alistaafu na hakuna aliyechukua ngazi. 2006 reli ikakodishwa kwa miaka 25, ikafika kumi na ushei. 2013 kiwanda kikaacha kusafisha mafuta. Mei 2017 treni mpya ikazinduliwa na mwisho wake ukawa Miritini, jirani yetu, hata watu wa mjini waliokuwa wakituita wa bara wakawa wanavuka Makupa kuja kwetu kupanda treni. Nauli ya daraja la chini ilianza shilingi 700. Januari 2024 ikapandishwa hadi 1,500. Ni nzuri, sikatai. Mama wa Mazeras na muhogo wake haimchukui.

Yeye sasa yumo kwenye matatu, kwenye foleni ya malori. Gari likizima nusu saa, dereva hasemi, kondakta yuko kwenye simu, abiria hawaulizi. Niliwahi kuuliza mimi. Kondakta alinitazama kama nimedai chenji ambayo si yangu.

Mwezi uliopita nilipita kwa kijana anayenunua vyuma chakavu karibu na mzunguko wa Changamwe, nikamuuliza kama umewahi kumfikia mkono wa ishara ya reli, mwekundu, mrefu kiasi hiki. Aliniuliza una kilo ngapi.