Nilivyomnunulia Shangazi Kibodi

Wahenga walisema, "Rahisi ghali." Methali hii tumeiandika mara nyingi katika madaftari yetu, na mimi nilidhani naijua maana yake. Kumbe sikuijua hata nusu! Aliyenifundisha ni shangazi yangu, na kitabu alichonifundishia kilikuwa kibodi ya kompyuta.

Shangazi, ambaye sisi Waganda humwita Ssenga, ana kibanda cha kupiga chapa huko Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Ndani mna kompyuta moja, printa moja na viti viwili. Watu humletea barua za kuomba kazi, taarifa za mikutano, na walimu humletea mitihani iliyoandikwa kwa mkono. Hulipwa kwa kila ukurasa. Basi vidole vyake vikienda, tunakula, vikisimama, tunangoja. Nusu ya karo yangu hutoka katika kibanda hicho.

Mwaka jana vidole vilianza kusimama. Kibodi yake ilikuwa imechakaa, na baadhi ya vitufe havikuandika mpaka vikandamizwe kwa nguvu. Kila jioni nilimwona akitia mikono yake katika beseni la maji ya uvuguvugu, akinyamaza kimya. Siku ya Jumamosi akaniita, akanipa shilingi 40,000.

"Mwanangu," akasema, "nenda mjini unitafutie kibodi nyingine. Wewe ndiye unayesoma kompyuta shuleni."

Maneno hayo yalinivimbisha kichwa. Nilikwenda kwa miguu ili nisipunguze fedha, nikaingia katika jengo moja lenye maduka mengi. Huko nikaona kibodi inayowaka taa chini ya vitufe, nyekundu, kijani na buluu, kama arusi! Mwenye duka alitaka 45,000. Nilimsihi sana mpaka akakubali 38,000. Nikarudi nyumbani nikitembea kwa maringo. Wala sikuwa nimeigusa kwa kidole hata kimoja. Niliinunua kwa macho.

Shangazi alinishukuru. Lakini hazikupita wiki tatu, mambo yakaharibika. Rangi ya herufi ilianza kufutika. Kibodi yenyewe ilikuwa nene, ikamlazimu kukunja vifundo vya mikono kwa juu kutwa nzima. Na kitufe cha "a" kilikuwa na tabia mbaya: mara kiliandika, mara hakikuandika.

Hapa sharti nieleze jambo moja. Shangazi alijifunza kazi yake kwa taipureta, na mpiga taipu hodari hatazami vidole wala kioo. Hutazama karatasi anayoinakili. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alileta mtihani wa wanafunzi 120. Shangazi akaupiga, akatoa nakala zote. Kesho yake mwalimu akazirudisha. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: JIBU MASWLI YOTE.

Karatasi zote zilichapwa upya, na gharama ikawa ya Shangazi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu, "Jumamosi tutakwenda pamoja."

Jumamosi hiyo hatukwenda kwenye maduka yenye taa. Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza kompyuta kuukuu. Juu ya meza yake palikuwa na rundo la kibodi nyeusi, zisizo na urembo wowote, zilizotolewa maofisini. Nikaona aibu kidogo. Shangazi akaomba kiti, akaomba kibodi ya kwanza iunganishwe na kompyuta ya fundi, kisha akafumba macho.

Vidole vyake vikatafuta vitufe vya F na J. Kila mmoja wenu akipapasa vitufe hivyo viwili ataona vina kijialama kilichoinuka. Ndipo mahali pa vidole vya shahada, ili mikono ijue ilipo bila kuuliza macho. Alipopapata, akaanza kuandika. Hakuandika maneno ya Kiingereza. Aliandika: "Baba na mama wanakaa Kampala." Halafu akaandika "ng'ombe".

Nilimwuliza sababu, naye akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Sentensi ile ina herufi 24, na 12 kati yake ni "a". Nusu nzima! Mpangilio huu wa herufi tunaoutumia ulitoka Marekani pamoja na taipureta zilizoanza kuuzwa mwaka 1874 na kampuni ya Remington, nao haukufikiriwa kwa ajili ya Kiswahili wala Kiganda. Ndiyo maana "a" yetu, inayofanya kazi kama punda, imepewa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Juu yake imekaa "q", isiyo na kazi yoyote katika Kiswahili, kama mgeni aliyekuja kulala tu. Tena herufi ya Kiganda "ŋ" haimo kabisa katika kibodi za kawaida, na wengi wetu huandika "ng'" badala yake. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayechagua kibodi na aanze kwa kujaribu "a" na kile kitufe cha alama ya ng'ombe. Hizo zikiwa ngumu, mengine yote ni bure.

Kibodi ya kwanza ilikuwa ngumu, akaikataa. Ya pili ilikuwa laini, lakini fupi, haina vitufe vya tarakimu upande wa kulia. Fundi alisema hiyo humfaa mtu anayeandika maneno tu, maana kipanya hukaa karibu na mkono hauendi mbali. Lakini Shangazi hupiga orodha za alama na mahesabu ya vyama, hivyo aliiweka kando. Ya tatu alipoigusa, niliona uso wake ukilegea. Akaandika mistari mitatu bila kosa.

Fundi alitueleza pia kwamba ndani ya kibodi nyingi za bei ndogo mna utando wa mpira chini ya vitufe. Ziko nyingine ambazo kila kitufe kina springi yake. Hizo hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Kisha akaikunja ile miguu midogo ya nyuma. "Watu huiinua wakidhani ni lazima," akasema. "Ikiinuka, mkono hupinda. Iache ilale, mama, mkono nao unyooke."

Bei ilikuwa shilingi 15,000, na ruhusa ya kuirudisha ndani ya wiki moja ikiwa na ila.

Njiani nilikuwa nikifikiri juu ya methali yetu. Kibodi ya 38,000 ndiyo iliyotuletea hasara, na ya 15,000 ndiyo iliyotufaa. Je, wahenga walikosea? La, hawakukosea. Nilikuwa nimedhani rahisi ni bei tu. Kumbe kilichokuwa rahisi siku ile ni kuchagua kwangu: sikugusa, sikuuliza, sikumfikiria atakayeitumia. Urahisi huo ndio tulioulipia ghali.

Siwezi kusema kwamba mikono ya Shangazi imepona. Kazi ya miaka mingi haiondolewi na kibodi moja, na beseni lingali pale jioni nyingine. Lakini "a" inaandika, na walimu hawajarudisha karatasi tena. Nami kila Jumamosi naketi katika kiti chake na kupiga kurasa nusu, nikijizoeza kufumba macho. Bado nakosea sana. Shangazi husikiliza tu mlio wa vitufe akiwa amenipa mgongo, kisha husema, "Hapo umeruka 'a', mwanangu." Nami nikitazama, naona kweli nimeiruka.